Magitaa Yanayopishana

Kila mwaka unaogawika kwa mbili, mji wetu wa Mbale, Uganda, hupungukiwa na usingizi. Ni msimu wa imbalu, jando la Wagisu, na ngoma za kadodi hupita mtaani kwetu Namakwekwe na umati nyuma yake. Hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza muziki, kando ya barabara, miguu imejaa vumbi. Kadodi ni ngoma kadhaa, kubwa kwa ndogo, na kila mpigaji ana kauli yake fupi anayoirudia bila kuchoka. Ukimsikiliza mmoja peke yake utadhani hajui kupiga. Wasikilize wote pamoja, kiuno kitaanza chenyewe.

Kwa hiyo niliposikia bendi ya Orchestra Virunga kwa mara ya kwanza, haikuwa ngeni masikioni mwangu. Ilikuwa kwenye kibanda cha fundi redio, jirani yetu. Mzee yule alirudisha kanda nyuma kwa kalamu, akiizungusha taratibu ili asimalize betri, kisha akaibonyeza ndani ya redio na kuinamisha kichwa. Wimbo ulikuwa “Malako”.

“Mwache mwimbaji, mwanangu,” aliniambia. “Shika gitaa moja tu, ulifuate mpaka mwisho.”

Nilijaribu. Nililipoteza mara tatu kabla wimbo haujafika katikati.

Samba Mapangala, mwenye sauti ile nyembamba na tamu, alizaliwa Matadi, Kongo. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Kampala na bendi ya Les Kinois, na mwaka 1977 wakahamia Nairobi. Mwaka 1981 aliunda Virunga, akaipa jina la milima ya volkano iliyoko pale Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Mwaka uliofuata ikatoka santuri kubwa, It's Disco Time, yenye “Malako” ndani yake. Sisi tunaoishi chini ya Masaba, volkano iliyozimika zamani, jina hilo lilitugusa.

Santuri kubwa ilikuwa na maana yake. Kwenye santuri ndogo za siku zile, wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza waimbaji, upande wa pili sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea, na katikati mtu anainuka kugeuza huku wachezaji wamesimama wakingoja. Santuri kubwa iliuacha wimbo ukwee mlima wake wote bila kukatizwa. Virunga waliitumia nafasi hiyo kwa subira. Hawakukimbilia sebene. Sauti zinaimba, zinajibizana, saksafoni zinaingia na kutoka, na chini kabisa besi inapiga noti chache na kunyamaza. Ukimya ule wa besi ndio unaovuta mguu, kwa sababu mwili unaingoja irudi.

Juu yake ndiko kuliko ufundi ninaousifu. Gitaa la ridhimu linashika kauli yake fupi na kubaki nayo. La pili linaingia kwenye mwanya ulioachwa na la kwanza. La solo linapita juu, sauti yake kali na safi, lakini nalo linarudia, likibadilisha noti moja tu baada ya muda mrefu, na noti hiyo moja inatosha kuwainua watu vitini. Vidole vinavyoweza kupiga mengi vinachagua kupiga machache, dakika baada ya dakika, bila kutetereka, ili mpigaji mwingine asikike. Mtu aliyekulia kwenye kadodi anaujua ugumu wa kazi hiyo.

Safari ya Samba hunikumbusha mwanabluzi wa Marekani, Muddy Waters, aliyetoka mashamba ya Mississippi akaenda Chicago mwaka 1943, akashika gitaa la umeme kwa sababu kelele za baa zilimeza gitaa la kawaida. Bluzi yake ilivuka bahari mpaka vijana wa London wakaiita bendi yao Rolling Stones kutokana na wimbo wake. Samba naye alihama na muziki wake, umeme ukambeba kwenye kumbi za usiku za mji mgeni. Na mwaka 1990 kampuni ya Earthworks ya London ikazitoa upya nyimbo za Virunga kwa jina Virunga Volcano. Hivyo magitaa ambayo Namakwekwe ilikuwa imeyasikia kibandani kwa fundi yakafika na masikioni mwa Wazungu.

Lakini kwangu, urithi wa santuri ile ni namna ya kusikiliza. Baada yake sikuweza tena kuupokea wimbo kwa mwimbaji peke yake. Kanisani natafuta sauti ya tatu. Kadodi inapopita natafuta ngoma ile ndogo ambayo hakuna anayeitazama.

Fundi ametangulia mbele ya haki, na kibandani kwake sasa huuzwa nyanya. “Malako” ninao kwenye simu. Usiku mvua ikinyesha juu ya mabati nauweka, naacha mwimbaji apite, nashika gitaa la pili. Bado hunipotea mahali palepale, saksafoni zinapoingia. Narudisha nyuma, naanza tena.