Ridhaa Isiyovuka Wakati: Tafsiri ya Mwisho wa Mchezo wa Video wa Life Is Strange kwa Jicho la Msomaji wa Kasulu na Kibondo

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza mwisho wa Life Is Strange, mchezo wa video wa kisimulizi uliotengenezwa na studio ya Dontnod ya Paris na kutolewa na kampuni ya Square Enix katika sehemu tano, kuanzia Januari hadi Oktoba 2015. Toleo la simu za Android lilifuata mwaka 2018. Mchezo haujatolewa kwa Kiswahili, na katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili michezo ya aina hii bado haijapewa nafasi inayostahili, ingawa vijana wanaosoma riwaya zetu darasani ndio haohao wanaoicheza wakiwa nje ya darasa.

Mwisho wa mchezo huu humtaka mchezaji achague kati ya njia mbili: kumwacha rafiki afe ili mji uokoke, au kumwokoa rafiki na kuuacha mji uangamie. Mjadala mwingi umejikita katika swali la njia ipi ni sahihi. Makala hii inadai kwamba swali hilo linaruka jambo la msingi zaidi, yaani ridhaa. Anayekubali kufa siye anayekufa, kwa kuwa mikondo mbadala ya wakati imewatenganisha. Kinachovuka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine ni kumbukumbu ya mtu mmoja tu. Kwa hiyo mwisho wa mchezo unapaswa kusomwa kama suala la ushahidi: nani anabaki akijua yaliyotendeka, na anadaiwa nini na ujuzi huo.

2.0 Misingi ya Uchambuzi

Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Mwitikio wa Msomaji, hususan wazo la Iser (1978) kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa kutumia tajiriba yake. Katika mchezo wa video pengo hilo huonekana waziwazi, kwa sababu hadithi husimama na kumsubiri mchezaji atende. Kwa upande mwingine, Mulokozi (1989), katika kuainisha tanzu za fasihi simulizi, anatilia mkazo muktadha na namna ya uwasilishaji. Mkazo huo unafaa hapa pia. Mchezaji ni hadhira na kwa kiasi fulani ni fanani, na kila anapocheza anatoa tukio lenye mwisho wake.

Wakati usiofuata mstari mmoja si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Kezilahabi alikwisha kuuvunja mstari huo katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Tofauti ni kwamba katika riwaya hizo mwandishi ndiye aliyeamua hadithi iishie wapi, ilhali katika mchezo huu uamuzi umewekwa mikononi mwa mpokeaji, naye hawezi kusema kwamba alikuwa akisoma tu.

3.0 Muhtasari wa Visa

Max Caulfield, mwanafunzi wa upigaji picha mwenye umri wa miaka 18, amerudi Arcadia Bay, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Oregon, Marekani, baada ya kuishi Seattle kwa miaka mitano. Siku ya Jumatatu, akiwa amejificha chooni shuleni, anamwona msichana akipigwa risasi na mwanafunzi wa shule hiyo, Nathan Prescott. Papo hapo anagundua kwamba anaweza kurudisha wakati nyuma, na anamwokoa msichana huyo. Baadaye anatambua kuwa ni Chloe Price, rafiki yake wa utotoni, ambaye hakuwahi kumtafuta hata baada ya kurejea mjini.

Katika siku zinazofuata urafiki wao unafufuka, wanachunguza kupotea kwa Rachel Amber, na Max anaendelea kuugeuza wakati, ikiwa ni pamoja na kurudi katika siku za nyuma kupitia picha. Ijumaa tufani inaukabili mji. Wakiwa kwenye mnara wa taa, wawili hao wanahitimisha kwamba tufani imeletwa na uamuzi wa Jumatatu. Chloe anampa Max picha ya kipepeo aliyoipiga chooni siku ile, ili airudie saa hiyo na kuyaacha mambo yaende yalivyokuwa yaende. Hapo ndipo mchezaji anapoamua.

4.0 Tafsiri ya Kafara na Udhaifu Wake

Tafsiri iliyozoeleka huuona mwisho wa kumwacha Chloe kuwa ndio mwisho wa kweli. Hoja zake zina uzito. Mchezo unarudi pale ulipoanzia, viumbe na anga vilivyokuwa vikitoa ishara za maafa vinatulia, mazishi yanafanyika chini ya jua, na kipepeo wa buluu anatua juu ya jeneza. Kwa msomaji aliyelelewa na methali za Kiswahili, mafunzo yanaonekana kujitokeza yenyewe: maji yakimwagika hayazoleki, na aliyejaribu kuyazoa amepata adhabu yake.

Makala hii haikatai kwamba matini inaonesha uhusiano kati ya kuokolewa kwa Chloe na tufani. Hata katika mkondo ambao Max yuko San Francisco kwenye maonesho ya picha, tufani inaufikia mji ambamo Chloe yu hai. Na pale Chloe anapoachwa afe, tufani haionekani. Hata hivyo, sababu na hatia ni mambo mawili. Max alipomwokoa mtu aliyekuwa akiuawa mbele ya macho yake, hakuwa na njia ya kujua gharama yake. Tafsiri ya kafara hulichukua jambo la sababu na kuligeuza kuwa hukumu ya kimaadili bila kueleza limevukaje mpaka huo.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika neno kafara lenyewe pale linapoambatanishwa na hiari. Inasemwa kwamba Chloe amejitoa. Ni kweli kwamba Chloe wa Ijumaa, aliyesimama kwenye mnara wa taa, anatamka ridhaa yake waziwazi, akimtaja mama yake na watu wengine wa mji wanaostahili kuishi. Lakini Chloe huyo hafi. Anafutika pamoja na wiki yake yote. Anayekufa ni Chloe wa Jumatatu, sakafuni chooni, ambaye hajaulizwa chochote. Huyo hajui kwamba rafiki yake amerudi mjini, na anakufa akiwa bado anaamini kwamba alisahauliwa. Aliyeridhia hakulipa, na aliyelipa hakuridhia.

Mchezo wenyewe umeyaandaa mazingira ya usomaji huu. Mwishoni mwa sehemu ya tatu Max anarudi mwaka 2008 kupitia picha na kumzuia William, baba yake Chloe, asife katika ajali ya gari. Mkondo unaozaliwa unamkuta Chloe amepooza. Katika sehemu ya nne Chloe huyo anamwomba Max amsaidie kufa. Mchezaji anaweza kukubali au kukataa, lakini jibu lolote linaishia mahali pamoja: Max anarudi tena kwenye picha na kumwacha William aondoke na gari. William anatoka nyumbani akiwa na bashasha, bila kujua kwamba maisha yake yamejadiliwa katika wakati ambao hautakuwepo. Muundo ni uleule wa mwisho wa mchezo: ombi linatolewa katika mkondo mmoja, na gharama inalipwa katika mwingine na mtu asiye na habari.

Mwisho wa pili haukwepi tatizo hili. Watu wa Arcadia Bay nao hawakuulizwa. Max na Chloe wanapopita kwa gari katikati ya magofu, kimya chao kinaeleweka vizuri zaidi kikisomwa hivyo. Tofauti kati ya miisho hii miwili ni idadi ya mashahidi. Katika mwisho wa pili wanaojua ni wawili. Katika ule wa kwanza ni Max peke yake, na waombolezaji wanaomzunguka makaburini hawajui wamekombolewa kwa nini.

5.0 Kukumbuka Pale Uwezo Unapokoma

Kama ridhaa haivuki, ni nini kinachovuka? Jibu limo katika tukio la sehemu ya pili, pale Kate Marsh anapopanda juu ya paa la bweni akitaka kujiua baada ya kudhalilishwa kwa video iliyosambazwa. Max anasimamisha wakati ili amfikie, kisha uwezo wake unamwishia. Kwa mara ya kwanza mchezaji hawezi kurudia alichosema. Kinachoweza kumwokoa Kate ni mambo ambayo mchezaji aliyaona mapema chumbani mwake na kuyatilia maanani: imani yake, na watu wa familia yake wanaompenda. Aliyepita haraka bila kutazama anaweza kumpoteza, na hasara hiyo itadumu hadi mwisho.

Tukio hili ndilo ufunguo wa mwisho wa mchezo kuliko tufani. Linatenganisha uwezo wa kubadili mambo na wajibu wa kuyakumbuka, na linaonesha kwamba wa pili hubaki pale wa kwanza unapotoweka. Kwenye mnara wa taa vilevile, mchezaji akishaamua harudi nyuma. Anachobaki nacho ni kile alichokishuhudia.

Hivyo Jumatatu ya mwisho haiwezi kuitwa marejeo ya mwanzo. Katika Jumatatu ya kwanza risasi ilisikika na aliyejificha hakumjua aliyepigwa. Katika Jumatatu ya mwisho aliyejificha anamjua na anamlilia. Huo ni mkondo mpya, uliozaliwa na kumbukumbu. Mchezo wa Life Is Strange: Double Exposure uliotolewa mwaka 2024 unaelekea kuunga mkono msimamo huu: Max ni mtu mzima sasa, na mchezaji huulizwa kilichotokea Arcadia Bay. Miisho yote miwili inakubaliwa, na katika yote Max ameubeba mzigo wa kujua.

6.0 Usomaji wa Kasulu na Kibondo

Tafsiri hii imetokana na mahali ambapo matini imesomewa, na nadharia iliyotumika inamtaka mtafiti apataje. Kasulu na Kibondo ziko katika ukanda wa mpaka wa Tanzania na Burundi, na Kiha kinachozungumzwa na wenyeji kinakaribiana sana na Kirundi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mtabila, pia wilayani Kasulu, ilifungwa mwaka 2012 na Warundi waliokuwamo wakarejeshwa kwao. Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea Warundi wengine, mwezi uleule ilipotoka sehemu ya mwisho ya mchezo huu. Ulinganifu huo wa tarehe ni sadfa na hautumiki hapa kama hoja.

Hoja ni kwamba katika ukanda huu maneno kurudi mwanzo yana maana inayogusika. Baadhi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliporejea kwao walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na tume ya taifa ya ardhi iliundwa Burundi mwaka 2006 kushughulikia migogoro ya aina hiyo. Mahali palikuwa palepale, lakini mwanzo haukuwapo tena. Aidha, urejeaji wa hiari ulioanza Septemba 2017, baada ya makubaliano ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ulizua mjadala juu ya neno hiari lenyewe. Mwaka 2019 mashirika ya haki za binadamu yalihoji kama wakimbizi walikuwa na uhuru wa kutosha wa kuchagua, huku serikali ikisisitiza kwamba hakuna aliyelazimishwa.

Inaweza kupingwa kwamba kuuweka mchezo wa burudani kando ya maisha ya wakimbizi ni kuyashusha maisha hayo. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama makala ingelinganisha mateso, jambo ambalo haikusudii kufanya. Kinacholinganishwa ni muundo wa swali: mtu anatoa ridhaa akiwa katika hali moja, na anayeishi na matokeo yake yuko katika hali ambayo mtoa ridhaa hakuweza kuiona. Msomaji aliyezoea kusikia swali hilo likijadiliwa barazani hatalivumilia kwa urahisi dai kwamba Chloe alikubali na kwa hiyo jambo limekwisha. Atauliza ni Chloe yupi aliyekubali.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba tafsiri ya kafara inategemea ridhaa ambayo mikondo ya wakati ya mchezo wenyewe imeibatilisha, kwamba tukio la William linaurudia muundo huohuo, na kwamba tukio la Kate linaelekeza kwenye kumbukumbu kama kitu pekee kinachosalia. Kwa msingi huo, hakuna mwisho mmojawapo unaoweza kuitwa wa kweli kwa maana ya kumwondolea mchezaji deni. Anayemchagua Chloe anaudaiwa mji, na anayeuchagua mji anamdaiwa Chloe ambaye hakuulizwa.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, matokeo haya yanaashiria kwamba michezo ya kisimulizi ihakikiwe kwa zana tulizonazo za fani, maudhui na uwasilishaji, huku kipengele cha uamuzi wa mpokeaji kikiongezwa kama sehemu ya fani. Inapendekezwa pia kwamba tafiti zijazo zichunguze jinsi wachezaji wa maeneo ya mpakani wanavyoieleza miisho ya michezo hii kwa Kiswahili na kwa lugha zao za kwanza, kwa kuwa maneno wanayoyachagua kwa ajili ya kurudi, kukubali na kukumbuka yanaweza kufichua mapengo ambayo uhakiki uliofanywa mbali na mipaka hiyo haujayaona.