Mbegu kwa Wote, Shamba la Nani?

Kila tunapobishana hapa kambini kuhusu hekima ya wazee na hekima ya kanisani, hakosi mtu wa kusema, "Ya wazee ni ya kipagani, iacheni." Mwingine atamjibu, "Hapana, nayo ni ya Mungu, ila wazee hawakujua." Jibu hili la pili lina upole, na mimi nimelipenda miaka mingi. Ila baada ya kumsoma Justin, mfiadini wa karne ya 2, nimeanza kuliogopa kidogo.

Justin alizaliwa Palestina, pale panapoitwa Nablus leo. Kabla ya kuamini alipita kwa walimu wa falsafa mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa wafuasi wa Plato. Alipokuwa Mkristo hakuvua joho la wanafalsafa. Katika utetezi aliomwandikia kaisari, anasema Logos imepanda mbegu ndani ya watu wote. Biblia yetu ya Kiswahili inaiita Neno, lakini kwa Wagiriki Logos si neno la mdomoni tu. Ni akili pia, ni mpango unaoshika dunia isisambaratike. Ndiyo maana anathubutu kusema kwamba Socrates, aliyeuawa mwaka 399 kabla ya Kristo, alikuwa Mkristo, kwa sababu aliishi kwa kuifuata Logos.

Hapo nampigia makofi. Baadaye kidogo Tertullian wa Carthage aliuliza Athene na Yerusalemu zinahusiana nini. Justin yeye alikuwa ameshafungua mlango.

Sasa soma mbele. Katika utetezi wa pili anasema lolote jema lililosemwa na mtu yeyote ni letu sisi Wakristo. Letu! Umemkaribisha mgeni ndani, halafu mzigo wake umeuita wako. Sisi jambo hili tunalijua. Nimewahi kukaa kwenye semina ambapo methali za bibi zetu ziliandikwa ubaoni, na baadaye zikaturudia kwenye kijitabu kama mafunzo ya kutufundisha sisi. Sidhani aliyefanya hivyo alikuwa na nia mbaya. Lakini bibi hakutajwa.

Basi nikarudi kwa Socrates mwenyewe, kama Plato anavyomwonyesha mbele ya mahakama. Rafiki yake alikwenda Delphi kuuliza kama yuko mtu mwenye hekima kumzidi Socrates, akajibiwa hayuko. Socrates hakufurahi, alishangaa. Akazunguka akihoji wanasiasa, washairi na mafundi, akaishia hapa: mwenye hekima kweli ni mungu peke yake, na hekima ya binadamu thamani yake ni ndogo sana. Hakusema hekima ni yetu sisi watu wa Athene.

Kwa maoni yangu, hapo huyu "mpagani" yuko karibu na Paulo kuliko Justin alivyo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hekima ya Mungu ilionekana upuuzi kwa Wayunani, na akawakumbusha kuwa si wengi kati yao waliokuwa wasomi au wakubwa. Wote wawili hawaruhusu hekima iwe mali ya kundi.

Nimtendee Justin haki. Hakuandika kama bwana mkubwa. Watu wake walikuwa wakiuawa, na mtu anayejitetea hushika kila kilicho karibu. Mnamo mwaka 165 hivi naye alihukumiwa kifo Roma. Hakimu alikuwa Rusticus, mwalimu wa Marcus Aurelius katika falsafa ya Wastoa, na Wastoa nao hufundisha kwamba Logos imeenea dunia nzima. Neno ni lile lile kwa wote wawili, na mmoja akaamuru mwenzake akatwe kichwa. Kwa hiyo kuwa na neno moja hakutoshi. Rusticus alikuwa na mbegu ile ile mbele yake, hakuiona.

Kama Mungu amepanda kwa wote, basi shamba ni lake. Atakayesema tena, "Ni ya Mungu, ila wazee hawakujua," nusu ya kwanza nitaikubali. Kuhusu nusu ya pili nitamuuliza tu: na sisi je, tunajua?