Mipira 50 ya Aasif Karim

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, katika Kombe la Dunia la kriketi, Aasif Karim wa Kenya aliwarushia Australia mipira 50, akatoa mikimbio 7 tu na kuangusha wiketi 3. Ova 6 kati ya alizorusha hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Australia hiyo ndiyo iliyotwaa kombe hilo bila kushindwa hata mara moja. Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na umri wa miaka 39. Aliwahi kuwa nahodha katika Kombe la 1999, akastaafu, kisha akaitwa tena.

Kriketi si ngeni katika kisiwa cha Mombasa. Uwanja wa Mombasa Sports Club umechezewa mchezo huu tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo, Kenya haikuwa na warushaji wa kasi wa kuwatia hofu Waaustralia, na timu dhaifu inayoshindana na kubwa kwa kasi humpa mpigaji kile anachokitaka: mpira unaokuja na nguvu zake, yeye akabaki kuuelekeza tu.

Karim aliwanyima nguvu hizo. Alirusha polepole kwa mkono wa kushoto, akiuzungusha mpira. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mpira wa aina hiyo ukidunda hulikimbia gongo. Usipozunguka, huja moja kwa moja kuelekea mguuni. Anayetaka kuupeleka mbali lazima atoe nguvu mwenyewe, tena kabla hajajua utaelekea wapi. Ricky Ponting alinaswa mguu ukiwa mbele ya wiketi. Darren Lehmann akafuata akiwa na mikimbio 2, na Brad Hogg hakupata hata mmoja.

Ubora wa kazi hiyo ulikuwa katika kulenga. Mpira wa polepole ukiwa mfupi, au ukienda pembeni, ni zawadi, na Karim hakutoa zawadi. Kila mpira ulidai kujibiwa, na wadakaji waliosimama karibu waliziba njia ya mkimbio mmoja mmoja ambao kwa kawaida humpumzisha mpigaji.

Haki itendeke pia kwa Australia: walihitaji mikimbio 175 tu, na Adam Gilchrist alikuwa amekwisha kuwapa 67 kwa kasi kubwa. Wangeweza kumheshimu Karim na kuwasubiri wengine. Ndivyo walivyoshinda, wiketi 5 zikiwa bado mkononi. Kenya ilikuwa imepoteza mchezo mapema zaidi, Brett Lee alipoangusha wiketi 3 kwa mipira 3 mfululizo. Hata hivyo, mchezaji bora wa siku alitangazwa Karim, na alistahili kabisa.

Njia hiyo ya kulinda idadi ndogo Kenya iliijua tangu mechi ya Kombe la Dunia mjini Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, ilipopata mikimbio 166 na bado ikaizima West Indies kwa 93. Maurice Odumbe, naye mrushaji wa polepole, aliangusha wiketi 3 kwa mikimbio 15. Jijini Nairobi, Februari 2003, Collins Obuya aliangusha 5 kwa 24 na Sri Lanka ikashindwa kwa tofauti ya mikimbio 53. New Zealand haikufika Nairobi kabisa kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la Kikambala, kaskazini mwa Mombasa. Pointi za mechi hiyo zikaenda kwa Kenya. Zilisaidia sana, lakini bila kuzishinda Sri Lanka na Zimbabwe zisingetosha kuifikisha nusu fainali.

Huko, tarehe 20 Machi, dhidi ya India, njia hiyo iligonga ukuta. Wahindi hukua wakicheza mipira inayozunguka. Sourav Ganguly alibaki uwanjani na mikimbio 111, India ikafikisha 270 kwa wiketi 4. Kenya iliishia 179.