Mshono wa Lupu

Sekunde 1.2 za taarabu hazitoshi hata kupiga mwayo. Kwa mtengenezaji wa biti za singeli pale Dar es Salaam, huo ni mtaji kamili: kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, hayo ni mapigo manne barabara. Kikirudiwa mfululizo, yaani kikifanywa lupu, kwa dakika 3, kipande hicho kitasikika mara 150. Na mwisho wake usipokutana vyema na mwanzo, msikilizaji atapigwa "tk" karibu mara hizohizo.

Namsifu anayeiondoa hiyo "tk".

Ndani ya kompyuta sauti ni punje, 44,100 kwa sekunde katika kiwango cha CD. Ukiikuza picha yake, unaona wimbi likipanda na kushuka, kila mara likiukata mstari wa sifuri. Mwanagenzi huambiwa mapema: kata kwenye sifuri. Katika programu ya Audacity hubonyeza herufi Z tu, mipaka ikasogea yenyewe. Wengi huishia hapo. Lakini wimbi lililoishia likipanda halipokewi na linaloanza likishuka, litavunjika tu. Mtoto anayeruka kamba analijua hilo. Haangalii kamba ilipo, anaangalia inakokwenda.

Halafu kuna urefu, na hapa ndipo kazi inapochosha. Lupu ya sekunde 2 ikizidi kwa punje 441, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, mara ya kwanza husikii kitu. Baada ya mizunguko 30 imechelewa kwa sekunde 0.3, na ngoma imeshagombana na bezi. Kwa hiyo ukiusogeza mwisho punje 60 kutafuta sifuri, mwanzo nao uufuate kwa punje 60. Ndipo unagundua kwamba mwanzo umeshalikata pigo. Unaanza upya.

Ugumu mwingine ni mkia. Fidla hainyamazi kwa sababu pigo limekwisha. Mlio wake unaendelea kuning'inia. Fundi huchota milisekunde chache zilizotangulia mwanzo wa lupu, akazilaza juu ya mwisho wake, hizi zikiinuka huku zile zikififia. Msuka ukili hufanya hivyohivyo: hulaza mwaa mpya kabla ule wa zamani haujaisha. Na waliokata utepe wa sumaku kwa wembe waliukata mshazari, sauti moja ikiingia nyingine ikitoka. (Wao hawakuwa na kitufe cha kutendua. Nawavulia kofia.)

Mimi picha ya wimbi siiamini sana. Inanyooka vizuri machoni na bado sikio linakwaruzwa. Ukimaliza, zima skrini, acha lupu izunguke dakika mbili ukiwa unafanya jambo jingine. Ukijikuta unahesabu mizunguko, rudi kwenye punje.