Mkono wa Kushoto wa Kinanda

Wimbo ulianza do ikiwa F. Ilikuwa Jumamosi ya mazoezi, likizo ya Desemba, kanisani kwetu Ngara, na nusu ya kwaya ilikuwa na mafua. Kufika ubeti wa pili sauti ya kwanza wakaanza kukwaruza. Mwalimu hakusimamisha wimbo. Alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kinanda mara mbili, do ikashuka hadi E flati. Waimbaji wakashuka, kinanda kikashuka. Kitu kimoja tu kilipanda, nacho kilikuwa besi yangu.

Kwa asiyepiga gitaa, mambo yako hivi. Besi ya nyuzi nne imefungwa E, A, D na G, kuanzia uzi mnene. F ni hatua moja tu juu ya sakafu ya chombo: kidole kimoja, uzi mnene, freti ya kwanza. E flati ya chini haipo. Gitaa limeishia E. Ukiitaka E flati unahamia uzi wa pili, freti ya sita, na huko unaikuta ile ya juu. Kwa hiyo wimbo uliposhuka nusu toni mbili, mimi nilipanda nusu toni kumi, kama mtu aliyekanyaga siafu. Na pale chini nilipotoka, mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa umeshakaa, unapiga E flati ileile niliyoikosa, nene, bila jasho.

Baada ya sala ya kufunga, mweka hazina aliniita pembeni. Kwaya ilikuwa imechanga shilingi 680,000 tangu mwaka ulipoanza. "Wewe uko Dar, Kariakoo unaijua. Tuletee ya nyuzi tano kabla ya Pasaka." Nikasema sawa, mama. Usiku huo sikulala vizuri, maana fedha zile nazijua zilikotoka: maharage, ndizi, na mia tano mia tano za wanawake ambao hawajawahi kuniuliza freti ni nini.

Ninasoma shahada ya umahiri katika fasihi. Nilichofundishwa ni kuisoma kazi kabla ya kuihukumu. Basi niliporudi chuoni nilifanya hivyo na uzi wa tano. Nilisikiliza.

Besi ya umeme iliyoenea duniani ilitolewa na Leo Fender huko California mwaka 1951, ikiwa na nyuzi nne kwa sababu aliiga ufungaji wa besi kubwa ya kusimama. Uzi wa tano ulichelewa, tena kwanza ulikosea njia: Fender walipotoa besi ya nyuzi tano mwaka 1965 waliuongeza upande mwembamba, juu. Uzi mnene wa B, huu anaoutaka mweka hazina wetu, ulipata sura yake mwaka 1976, mpigaji Jimmy Johnson alipoagiza besi ya nyuzi tano kutoka kampuni ya Alembic na kuifunga B upande wa chini. Hata hivyo ulibaki kitu cha watu wachache hadi miaka ya 1980. Kilichouvuta sokoni kilikuwa kinanda. Sinthesaiza zilianza kupiga besi kwenye santuri za pop, nazo hazikuwa na sakafu ya E. Zilishuka hadi D, hadi C, zikitaka. Wapiga besi wakajiona wanafukuzwa nyumbani kwao, wakaenda kwa mafundi kuomba uzi wa ziada.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktaba. Ugomvi wa studio za Marekani na Uingereza wa miaka ya 1980 ulikuwa ndio uleule wa kanisa letu. Uzi wa tano ni jibu kwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Lakini ni jibu zuri? Hapo ndipo masikio yanapohitajika. Mpigaji wa nyuzi tano ninayemwamini kuliko wote ni Richard Bona wa Cameroon. Msikilize anavyoutumia uzi wa B: mara nyingi hashuki nao kabisa, anaufanya mahali pa kupumzishia mkono. Kwenye nyuzi tano noti ya chini inapatikana katikati ya shingo, kidole hakikimbii, na sentensi ya muziki haikatwi na safari ya kurudi mwanzo wa gitaa. Faida hiyo wauzaji hawaitaji. Kwao uzi wa tano ni kina tu, lakini kwa Bona ni utulivu.

Upande wa pili nikamweka Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, kwenye albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland. Nyuzi nne, shingo isiyo na freti. Kipande chake maarufu, kile cha sekunde chache katika "You Can Call Me Al", kina siri ya studio: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa na kuchezwa kinyumenyume. Dunia nzima inakikumbuka, na hakihitaji noti yoyote iliyo chini ya E.

Kisha nikarudi nyumbani, kwenye rekodi za Mlimani Park walizofanya Radio Tanzania Dar es Salaam baada ya bendi kuanzishwa mwaka 1978, Suleiman Mwanyiro akiwa kwenye besi. Nilizisikia utotoni kwenye redio ya mkulima bila kujua kwamba nafundishwa. Besi ya dansi letu haitembei kila pigo kama askari wa gwaride. Inasema neno, inanyamaza, inasema jingine gitaa la ridhimu likishajibu. Na mara kwa mara inapanda hadi kwenye nyuzi nyembamba, D na G, inachomekea maneno matatu kati ya mistari ya mwimbaji, kama shangazi anayejibia stori kutoka jikoni. Hapo ndipo nilipoliacha wazo langu la ubahili. Nilikuwa nimepanga kununua seti ya nyuzi tano na kuzifunga nne za chini kwenye gitaa letu la zamani, B, E, A na D, nikiuacha uzi wa G kwenye pakiti. Kina ningekipata kwa bei ya nyuzi tu. Ila huyo shangazi ningemfukuza.

Uzi wa tano wenyewe nilikuwa nimeusikia kwa karibu Agosti iliyotangulia, tulipoalikwa kwenye tamasha la kwaya Biharamulo. Tulikodi Coaster: Benaco, Nyakahura, Lusahunga, kisha kushoto, vumbi hadi kwenye nyusi. Kwaya moja ya wageni ilikuja na besi ya nyuzi tano, nyeusi, inang'aa, na vijana wetu wakatoa simu kuipiga picha kabla haijapigwa. Nimsifu kwanza mpigaji wake: mkono wake ulikuwa imara na mapigo hayakuyumba. Lakini alikaa kwenye B tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu aliyenunua gari la gia tano akaogopa kuzigusa nyingine. Tena hakuuzima uzi ule alipokuwa hautumii. Uzi mnene uliolegea hivyo huitikia kila unachopiga jirani yake. Mpigaji mzoefu huulalia kidole gumba ili unyamaze. Wake uliunguruma muda wote. Juu yake kulikuwa na kinanda chenye besi yake, na ngoma ya kinanda yenye besi yake. Sauti ya nne, wanaume kumi wazima waliosimama nyuma, hatukuwasikia. Tuliona midomo.

Watu walipiga makofi sana. Njiani kurudi wenzangu waliisifu besi ile hadi Nyakahura, na nadhani mchango wa shilingi 680,000 uliongezeka kasi siku hiyo.

Kuna jambo jingine, la spika. Uzi wa E ukipigwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, wa B mara 31. Spika za kawaida za makanisa yetu huanza kuchoka mapema kabla ya kufika huko. Kinachotoka kwa nguvu ni sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti ile, mitetemo 62, 93 na kuendelea, na sikio likizipata hizo hujaza lenyewe msingi usiokuwepo. Tunaisikia B ya chini kwa sababu ubongo umeamua kwamba lazima ipo.

Hili lisiwashangaze watu wa kwetu. Ngara imekaa katikati ya nchi za nanga: kaskazini ni Wahaya, ambao tenzi zao za nanga Profesa Mulokozi alizichunguza, magharibi, ng'ambo ya mpaka, ni Burundi na inanga yake. Ile ya Burundi ina aina moja inayopigwa kwa kunong'ona. Mpigaji haimbi. Ananong'ona maneno, na mnong'ono hauna noti. Lakini vidole vinatembea kwenye nyuzi kwa namna ambayo msikilizaji anasikia mnong'ono ukiimba. Noti inatoka kwenye mti, sikio linaiweka mdomoni. Na nyuzi zenyewe, ukihesabu nane, mara nyingi ni uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huku kwenye meno ya ubao. Kwa chombo hicho, swali la "nyuzi ngapi" ni la kijinga kidogo.

Basi nikabaki na jambo moja nililokuwa nikilikwepa. Nilipokwenda chuo kwa mara ya kwanza, gitaa letu lilikaa kabatini karibu miaka miwili bila mpigaji. Mwalimu hakuwa na namna. Mkono wake wa kushoto ukajifunza kazi yangu, ukaifanya vizuri, kila Jumapili, bila posho. Kisha akajitokeza binti mmoja wa kidato cha tatu, akaomba kujifunza, akalitoa gitaa kabatini. Mkono wa kushoto haukuhama. Tangu hapo kanisa letu lina besi mbili, moja yenye nyuzi nne na moja yenye vidole vitano, na hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Ni rahisi zaidi kuchanga 680,000 kuliko kumwambia mzee aliyeshika kwaya miaka kumi na mitano, "Mwalimu, naomba unyanyue mkono."

Hata nyuzi tano zisingetuokoa na hilo. Tungeshuka hadi E flati na kumkuta amekaa palepale, sasa wawili kwenye kiti kimoja. Tamasha la Biharamulo lilikuwa limeshatuonyesha matokeo.

Nilirudi wiki moja kabla ya Pasaka bila gitaa. Niliomba nafasi kwenye kikao, nikaeleza, nadhani kwa urefu kupita kiasi. Mweka hazina alikuwa akinitazama kama mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na hadithi. Nilisema nyuzi tano zina faida ya kweli, mkono hautarukaruka. Nilisema pia shingo yake ni pana, na atakayeipiga mwaka mzima si mimi, ni huyu binti ambaye kidole chake cha mwisho kinafika freti ya nne kwa shida. Halafu nikanyamaza, nikameza mate, nikasema lile jingine.

Mwalimu hakujibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Tulipoanza mazoezi alitaja wimbo uleule wa Desemba, akashusha hadi E flati tangu mwanzo, na mkono wa kushoto akauweka juu ya goti.

Nilikaa benchi la nyuma, gitaa analo binti. Alipiga E flati ya juu, uzi wa pili, freti ya sita. Ilikuwa nyembamba, sitadanganya. Kwa mistari miwili ya kwanza wimbo ulionekana kama nyumba iliyoezuliwa, na nilimwona mweka hazina akigeuka kunitafuta. Mstari wa tatu sauti ya nne wakajisikia. Nadhani hawakuwa wamejisikia kwa muda mrefu, maana mmoja wao alicheka katikati ya neno. Wakashuka wao wenyewe, besi za watu, wakakaa pale chini palipokuwa wazi, na juu yao yule binti akaanza kuacha mapengo.

Sikushinda kikao. Fedha ziko kwa mweka hazina, uamuzi umesogezwa hadi baada ya mavuno, na wanaume wawili wameniambia waziwazi kwamba tutaaibika tukialikwa tena Biharamulo. Inawezekana. Wimbo ukishushwa katikati, bado binti atalazimika kuruka kama nilivyoruka mimi, na siku hiyo nyuzi tano zingemfaa.

Wengine walipotoka alibaki anafunga waya. "Kaka, na Mwalimu akituambia tuanze na D?"

Nikamwambia uzi mnene unaweza kulegezwa hadi D kabla ya wimbo, ila akumbuke kwamba noti zote za uzi huo zitahama freti mbili. Hakungoja nimalize. Alishaupiga ule uzi, ameinamisha sikio, anaulegeza kidogo kidogo, na Mwalimu, aliyekuwa akikunja kitambaa cha kinanda, akakifunua tena akampa D.