Mwenye Timu na Mlezi wa Timu

Lugha yetu haimtengi mwanamke katika sarufi. "Yeye" ni wa mume na ni wa mke. "Mwenye" ni la wote wawili. Basi dhuluma iingiapo katika habari za mwanamke mwenye mali, hatuwezi kuitwika sarufi lawama. Huingia kwa kalamu, katika neno ambalo mwandishi ameliongeza kwa hiari yake. Nataka kulichunguza jambo hili katika habari za wanawake wenye timu za michezo, kwa kuwa hapo kalamu zetu huteleza kwa njia mbili: kupunguza na kuzidisha.

Kosa la kupunguza nililitenda mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, nikaandika maelezo mafupi juu ya mashindano ya mpira ya vijiji vya mwambao. Timu moja ilivaa jezi zilizonunuliwa na mama mchuuzi wa dagaa, ambaye alilipa pia mafuta ya boti iliyowachukua vijana. Nilimwita "mama mlezi wa timu". Aliposomewa maelezo yale aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mwenye boti umemwandika mwenye boti. Mimi ninalea mtoto wa nani?" Kwa aibu nikataka kumwandika mwenye timu. Hilo nalo alilikataa. "Timu ni ya vijana," alisema. "Deni ndilo langu. Andika deni."

Jibu lile lina elimu ya kutosha kwa mwandishi. "Mlezi" lilizichukua fedha zake na kuzigeuza huruma. "Mwenye timu" lingaliwanyang'anya vijana kilicho chao. Sentensi ya haki ilikuwa nyepesi: alinunua jezi, alilipa mafuta, na alikuwa akidaiwa.

Ufipa yenyewe ina kielelezo cha usahihi wa namna hii. Masimulizi ya kale ya Wafipa hueleza jinsi wanawake wageni walivyofika Milansi mfalme akiwa mawindoni, wakapata kukikalia kigoda cha enzi, na utawala wa nchi ukawa wa ukoo wao wa Twa. Masimulizi hayasemi kwamba walichukua kila kitu. Milansi ilibaki na heshima ya ukale wake na mambo ya ibada. Kilichochukuliwa kinatajwa, na kilichobaki kinatajwa.

Sasa tutazame kosa la kuzidisha. Mwezi Oktoba 2020 Simba ya Dar es Salaam ilifika Sumbawanga ikafungwa na Tanzania Prisons bao 1 kwa 0 katika uwanja wa Nelson Mandela. Mtendaji mkuu wake alikuwa Barbara Gonzalez, aliyeteuliwa Septemba ya mwaka ule ule. Atakayemwita mwenye Simba amekosea. Katika mfumo uliokubaliwa na wanachama, sehemu 51 katika 100 zilikuwa za wanachama na 49 za mwekezaji; yeye alikuwa mwajiriwa. Wala tusidhani kuwa sifa ya uongo haina madhara, maana mwenye mali ndiye hubeba lawama ya kila neno lililoamuliwa na wengine. Apimwe kwa kazi yake: chini yake Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021, na robo fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, msimu huo wa 2021/22 ubingwa wa nchi ulikwenda Yanga. Mavazi yake hayamo katika hesabu hii.

Mbali na kwetu, Marekani, Effa Manley alimiliki timu ya besiboli ya Newark Eagles pamoja na mumewe Abe. Aandikaye "mke wa mwenye timu" amepunguza. Aandikaye kuwa alimiliki peke yake amezidisha. Ukweli watosha kumpa heshima. Yeye ndiye aliyeendesha shughuli za timu iliyotwaa ubingwa wa ligi za watu weusi mwaka 1946. Mwaka 1947 Larry Doby alipochukuliwa na Cleveland, alidai malipo, wakati ambapo wachezaji weusi waliwahi kuchukuliwa na timu ya Wazungu bila malipo. Na palipo na umiliki ulio wazi tusione haya kuutaja: Ria Stars ya Afrika Kusini ilikuwa timu ya Ria Ledwaba na ilibeba jina lake. Hapo "mwenye timu" ndilo neno, wala halihitaji "mama" wala "shupavu" mbele yake.

Huenda mtu akasema kwamba uchache wa wanawake hawa watulazimisha kutaja uanawake wao. Na utajwe mara moja, kama habari. Lakini usitolewe kuwa sababu ya kushinda au ya kushindwa.

Kwa wanafunzi wangu nina maswali manne ya kuulizwa kabla ya kuandika. Fedha ni za nani? Sahihi katika mkataba ni ya nani? Nani huajiri na kufukuza? Nani hudaiwa timu ipatapo hasara? Ayajibuye kwanza hatahangaika kutafuta jina la kumpa mwanamke wala mwanamume.

Maelezo yangu ya Kipili niliyaandika upya. Neno "mlezi" halimo, na deni limo.