Wimbo Unaosomwa Kama Barua

Tamthilia zetu za Kiswahili zina ugonjwa mmoja ambao hauulizwi kwenye mtihani. Zimejaa nyimbo ambazo msomaji hajui zinaimbwaje. Chukua kitabu chochote cha tamthilia kilichoandikwa na watu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1970 na 1980. Fungua katikati. Haitachukua muda utakutana na maelekezo ya jukwaani: wanaimba, ngoma inapigwa, wanacheza. Haya bwana, ngoma gani? Nani anaanzisha na nani anaitikia? Inapigwa polepole kama ya msiba au inachapwa mpaka vumbi linatimka? Kitabu kimenyamaza. Na sisi wasomaji tumezoea kuruka maneno hayo kama tunavyoruka jina la mpiga chapa.

Nasema ni ugonjwa kwa sababu waandishi hawa hawakuwa watu wa karatasi tu. Mafunzo ya sanaa za maonyesho yalianza Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1970 muziki na sanaa za uchoraji na uchongaji zikaingia nyumba hiyo hiyo. Humo ndimo walimopita Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba, kama wanafunzi kisha kama walimu. Walijua vizuri kwamba jadi yetu haitenganishi hadithi, wimbo na mwendo wa mwili. Mwaka 1982 Lihamba, Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi, tamthilia inayosimulia historia kwa kuchanganya maigizo na ngoma na nyimbo. Walichokijua jukwaani wanacho. Swali langu ni hili: kwa nini sehemu kubwa ya ujuzi huo haikufika kwenye kitabu ninachonunua mimi na wewe?

Tuchukue Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha Nguzo Mama, na Bi Msimulizi anatusimulia jinsi kila mmoja anavyovutwa pembeni na matatizo yake. Tamthilia nzima imesimama juu ya kazi moja ya mikono: kunyanyua kitu kizito kwa pamoja. Sasa muulize mvuvi yeyote wa pwani anayevuta juya. Kazi ya pamoja haiendi bila wimbo. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na nguvu inatoka palepale kwenye kiitikio. Anayechelewa kuitikia amechelewa kuvuta. Kwa hiyo drama ya Nguzo Mama ingeweza kusikika kabla ya kuonekana: sauti nane, kisha saba, kisha tano, mdundo unapwaya, nguzo inarudi chini. Mtazamaji asingehitaji kuambiwa kwamba umoja umevunjika. Masikio yake yangemwambia.

Niliwahi kuwaona wanafunzi wa shule moja ya sekondari wakiicheza tamthilia hii. Walijitahidi, sura zinang'aa, mistari wameikariri yote. Lakini kila walipofika penye wimbo walisimama mstari mmoja, mikono nyuma, wakaghani maneno kama ngonjera ya kumkaribisha mgeni rasmi. Siwalaumu hata kidogo. Walifanya kile ambacho kitabu kiliwaruhusu kufanya.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inatupa swali gumu zaidi. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na moyo wake si risasi za Wajerumani. Moyo wake ni jinsi watu waliokuwa wakitiliana shaka, Wamatumbi, Warufiji, Wakichi, Wangindo, wanavyokubali kuwa kitu kimoja kwa nguvu ya neno moja, na gharama ya neno hilo. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwongozaji. Watu wanakusanyika, ngoma inalia. Ukiweka ngoma moja kwa wote, umesema umoja umeshapatikana. Ukiweka ngoma tofauti zinazopigana jukwaani mpaka zinapata mdundo mmoja, umesema umoja ni kazi, tena kazi ya jasho. Ukiziacha zisikubaliane hata maji yanapogawiwa, umesema Kinjeketile alikuwa na haki ya kuogopa. Hizo ni tafsiri tatu za tamthilia moja, na tofauti yake yote iko kwenye ngozi ya ngoma. Nimesoma madesa mengi juu ya Kinjeketile, yale yanayopita mkono kwa mkono mpaka wino unafifia. Dhamira zimo, wahusika wamo, tamathali za semi zimo. Ngoma sijaikuta.

Maana "ngoma" si neno moja. Mdundiko wa Wazaramo unatembea, unapita mitaani na kuzoa watu, ukija kushtuka uko mtaa wa tatu kutoka kwenu. Bugobogobo ya Wasukuma inashika jembe na kuukumbuka udongo. Sindimba ya Wamakonde inazungumza kwa kiuno. Mwandishi anayeandika "ngoma inapigwa" na kuishia hapo ni sawa na anayeandika "mtu anasema neno" bila kutuambia neno lenyewe.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe lina uzito. Wapo watakaosema kwamba kimya hicho ni cha makusudi: mwandishi ameuacha mlango wazi ili kila kikundi kiingize wimbo wa kwao. Wana ushahidi pia. Walimu wa Mlimani walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983 kufanya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji, hawakubeba nyimbo kutoka Dar. Wenyeji walizungumza matatizo yao, zikiwamo mimba za wanafunzi, kwa ngoma zao wenyewe. Hapo mlango wazi ulizaa matunda.

Nakubali. Ila Malya palikuwa na watu wanaoijua ngoma yao tangu utotoni, na kazi yenyewe ilizaliwa mlemle kijijini. Kitabu kinakwenda kwa mtu mwingine kabisa, kijana wa Manzese au Eastleigh ambaye nyimbo anazozijua ni za redioni na za kwaya kanisani. Mlango wazi kwa mtu asiyejua chumba kilivyo ni giza tu. Kuacha nafasi ni jambo zuri, lakini mwachie mtu nafasi yenye kuta.

Nadhani ugonjwa unalelewa pia na jinsi tunavyosoma. Chuo nilikosoma mimi, jina lake halina haja, wa muziki tulikuwa chumba hiki na do-re-mi zetu, wa maigizo chumba kile na pumzi zao. Ukuta mmoja tu katikati. Tuliwasikia wakifanya mazoezi ya nyimbo kwa kubahatisha, wao wakatusikia tukifanya mazoezi ya sauti bila hadithi. Kila upande ulifaulu mtihani wake, hakuna aliyedisko kwa kutojua kazi ya jirani.

Na mwalimu mwingine alikuwa barabarani. Mlimani Park Orchestra, Sikinde wenyewe, walianza 1978 katika baa iliyowapa jina, njia ya kwenda chuoni. Sikiliza nyimbo zao kama mtu wa tamthilia. Mwanzo mwimbaji anaweka kisa taratibu: mapenzi, deni, ndugu aliyegeuka. Kiitikio kinaingia kama majirani wanaotoa maoni. Halafu linakuja chemko, magitaa yanapandiana, tarumbeta zinajibu, na kile kilichokuwa huzuni ya mtu mmoja kinakuwa ngoma ya ukumbi mzima. Tunafundishwa mwanzo, kilele na mwisho kwa mifano ya Wagiriki, wakati kilele kilikuwa kinapigwa kila wikiendi karibu na geti.

Basi kwenu wenzangu mnaoandika, mliokaa na miswada kwenye madaftari ya kaunta, ombi langu ni dogo. Unapofika penye wimbo usiandike maneno peke yake. Tuambie nani anaanzisha. Tuambie wimbo unafanya kazi gani: unavuta, unalaza, unatukana, unazika? Taja ngoma kwa jina lake, au wimbo unaofanana nao mwendo. Sema unakatikia wapi na kwa nini. Mistari minne inatosha, na anayetaka kubadilisha atabadilisha huku akijua anabadilisha nini. Simu zinarekodi siku hizi. Imba hata kama sauti yako ni ya chura, mpe atakayeiongoza.

Na kama huwezi kuuimba wimbo ulioutunga, usiuweke kwanza. Muache mhusika aseme. Kuna wahusika wengi kwenye tamthilia zetu wanaoimba kwa sababu tu mwandishi aliishiwa na mazungumzo.